Bingwa wa ligi ya wanawake anafika vipi Ligi ya Mabingwa Afrika kupitia CECAFA?

"Mimi ni katibu wa klabu ya soka ya wanawake katika nchi mojawapo ya ukanda wa CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati. Zimebaki mechi tatu ligi iishe na tunaongoza kwa pointi tano. Mwenyekiti ameshatangaza redioni kwamba tukichukua ubingwa tunakwenda Afrika. Kocha anasema kwanza kuna mashindano ya CECAFA, ila ukishaingia fainali umefuzu, kwa hiyo fainali yenyewe ni ya heshima tu. Mweka hazina anauliza kama gharama hizi zina maana yoyote. Mimi nataka kujua: timu zikilingana pointi kwenye kundi, nani anapita? Na je, tunaweza kuongeza wachezaji watatu kwa ajili ya mashindano hayo tu, wawili wa kuazima hapa nchini na mmoja kutoka nje? Kambi tulipanga kuanza wiki mbili kabla. Naomba unieleweshe."

Ndugu katibu, mwenyekiti amewahi kidogo kutangaza, na kocha amekosea mahali panapouma. Ubingwa wa ligi unawapa haki ya kuwakilisha shirikisho lenu kwenye mashindano ya kufuzu ya ukanda. Tiketi ya Afrika inatafutwa huko, na kwa ukanda wetu ni moja: ya bingwa. Anayefungwa fainali anarudi nyumbani na medali yake.

Mwenyekiti nadhani anafikiria soka la wanaume. Huko bingwa wa ligi anaingizwa moja kwa moja kwenye hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, anacheza nyumbani na ugenini, akitolewa ametolewa. Hakuna mashindano ya ukanda katikati. Kombe la Kagame, ambalo nalo liko chini ya CECAFA, halimpi mtu nafasi kwenye mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Watu wakisikia "CECAFA" wanadhani ni Kagame ya kina dada, mashindano ya kujipima nguvu kabla ya msimu. Sivyo hata kidogo.

CAF ilipoanzisha Ligi ya Mabingwa ya Wanawake mwaka 2021 ilipanga fainali zenye timu nane tu, zinazokutana katika nchi moja, makundi mawili ya timu nne. Afrika imegawanywa kanda sita: UNAF ya kaskazini, WAFU A na WAFU B za magharibi, UNIFFAC ya kati, COSAFA ya kusini na CECAFA yetu. Kila ukanda unatoa bingwa wake, hao ni sita. Nafasi ya saba ni ya nchi mwenyeji wa fainali, na ya nane ni ya ziada, ambayo tangu 2022 imekuwa ikitumiwa na bingwa mtetezi wa Afrika.

Hiyo nafasi ya ziada ndiyo iliyozaa uvumi wa kocha wako. Mwaka 2021 ukanda wa WAFU B ulipewa timu mbili, kwa hiyo Rivers Angels ya Nigeria ilifungwa fainali ya ukanda na Hasaacas Ladies ya Ghana na bado zote mbili zikaenda fainali za Afrika kule Cairo. Kwetu haijatokea. Tangu 2021 hadi 2025 CECAFA imepeleka klabu moja kila mwaka: Vihiga Queens ya Kenya, Simba Queens na JKT Queens za Tanzania, CBE ya Ethiopia, kisha JKT Queens tena. Waulize CBE fainali ya heshima maana yake nini. Walifika fainali 2021 wakafungwa na Vihiga, wakafika tena 2023 wakatolewa na JKT kwa mikwaju ya penalti, na miaka yote miwili walibaki nyumbani. Walipata tiketi 2024.

Mweka hazina naye nimjibu kwa takwimu. Kwa fainali za 2024 CAF ilipandisha zawadi: bingwa dola 600,000, wa pili 400,000, na timu inayoshika mkia kwenye kundi lake ilipewa dola 150,000. Kwa viwango hivyo, fainali ya ukanda inatenganisha klabu inayoondoka na angalau dola 150,000 na klabu inayorudi kulipa madeni ya safari. Zawadi hubadilika, na mechi ya kutafuta mshindi wa tatu haina tiketi yoyote, lakini mkipanga bajeti, mjue fedha kubwa iko upande wa pili wa fainali ile. Msiikope kabla hamjaifikia. Someni pia barua ya mwaliko neno kwa neno: nani analipa nauli, waandaaji wanalaza watu wangapi na kwa siku ngapi. Mtu wa ziada kwenye msafara ni mzigo wenu.

Kuna jambo jingine halisemwi sana. Kati ya mashindano hayo matano, matatu yalichukuliwa na timu za nchi mwenyeji: Vihiga Nairobi 2021, Simba Dar es Salaam 2022 na CBE Addis Ababa 2024. Waliovunja desturi hiyo ni JKT peke yao, Njeru Uganda 2023 na Nairobi 2025. Mwenyeji analala kwake, hali ya hewa ni yake, mashabiki ni wake. Shirikisho lenu likiwa na nia ya kuomba uenyeji, klabu isikae kimya. Kama mnakwenda ugenini, hesabuni kwamba mnaweza kukutana na mwenyeji wakati wowote, na mjiandae kwa hilo.

Sasa suala la kulingana pointi, ambalo huwachanganya hata makocha. Kwenye ligi nyingi tumezoea tofauti ya mabao. Kwenye mashindano ya CAF kinachotazamwa kwanza ni matokeo ya timu zilizolingana zilipokutana zenyewe: pointi walizopata kwenye mechi hizo, kisha tofauti ya mabao kwenye mechi hizo, kisha idadi ya mabao. Vikishindikana ndipo mnarudi kwenye tofauti ya mabao ya kundi zima. Kanuni za mwaka husika ndizo zenye neno la mwisho, kwa hiyo zisomeni, lakini mfano huu utakuonyesha kwa nini jambo hili lina uzito.

Tuseme mko kundi la timu nne. Mnaifunga B 1-0, mnafungwa na C 1-0, mnaifunga D 2-0. B inaifunga C 2-0 na kuimwagia D mabao sita. C na D wanatoka sare 0-0. Nyinyi mna pointi sita na tofauti ya mabao 2. B nayo ina pointi sita, tofauti ya mabao 7. Kwa hesabu ya ligi B ni wa kwanza. Kwa hesabu ya waliokutana, nyinyi ndio vinara, kwa sababu mliwafunga.

Badilisha kitu kimoja tu: C imeifunga D 3-0 badala ya kutoka sare. Sasa timu tatu zina pointi sita. Hapo unachora jedwali dogo la timu hizo tatu na kuitupa D nje kabisa. Nyinyi mmefunga bao moja na kufungwa moja, tofauti sifuri. B imefunga mawili na kufungwa moja, tofauti 1. C imefunga moja na kufungwa mawili, tofauti -1. B wa kwanza, nyinyi wa pili, C nje. Yale mabao sita dhidi ya D hayakumsaidia mtu. Kilichoitoa C ni bao la pili walilofungwa na B, pengine dakika ya 88 wakati kila mtu anasema "tumeshafungwa, basi". Bila bao hilo timu zote tatu zingelingana kwenye jedwali dogo, na tofauti ya mabao ya kundi zima ingeipitisha C na kuwatoa nyinyi. Kwa hiyo timu inayoongozwa 1-0 na mpinzani wa juu haitakiwi kufunguka hovyo kutafuta sare dakika za mwisho bila benchi kupiga hesabu. Mtu mmoja wa benchi la ufundi awe na karatasi ya hesabu hizi, na kocha aulize kabla ya kubadilisha mfumo.

Mambo yanageuka kama makundi ni matatu. Hapo vinara watatu wanapita na nafasi ya nne ya nusu fainali anapewa mshindi wa pili bora. Washindi wa pili hawajakutana, kwa hiyo wanalinganishwa kwa pointi, kisha mabao. Huko kila bao lina thamani, na kutosheka na 2-0 dhidi ya timu dhaifu kunaweza kuwagharimu. Makundi yasipolingana idadi, tazameni kama kanuni zinafuta matokeo dhidi ya timu ya mwisho ili kusawazisha. Angalieni pia nani anapumzika siku ya mwisho ya kundi la timu tatu. Timu hiyo imeshamaliza mechi zake, na wengine wawili wanaingia uwanjani wakijua matokeo gani yanawatosha. Ikitokea nchi moja ikajitoa dakika za mwisho, ratiba inaweza kupangwa upya. Msichapishe mpango wa mechi mpaka orodha ya washiriki ithibitishwe.

Tuje kwenye wachezaji watatu wa kuongeza, maana hapa ndipo klabu hupoteza mashindano kabla ya kupanda basi.

Kumwazima mchezaji kwa wiki mbili za CECAFA, kisha arudi kwao, hakuna. Kwa kanuni za FIFA, mkopo hauwezi kuwa mfupi kuliko muda ulio kati ya dirisha moja la usajili na jingine. Mchezaji anaweza kusajiliwa na klabu zisizozidi tatu katika msimu mmoja, na kwa kawaida anacheza mechi rasmi katika mbili tu kati ya hizo. Hao wawili wa hapa nchini wawe wenu kweli: mkataba au mkopo halali, uliopitia shirikisho, ndani ya dirisha. Huyo wa nje anahitaji ITC, hati ya uhamisho wa kimataifa, inayoombwa na kutolewa kupitia TMS, mfumo wa FIFA wa mtandaoni wa uhamisho wa wachezaji. Tangu 2018 TMS ni lazima kwa wanawake wa kulipwa kama ilivyo kwa wanaume, na siku hizi wa ridhaa nao wanapitia humo. Kama yuko chini ya miaka 18, achaneni naye, kwani FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa wa umri huo isipokuwa kwa sababu chache sana.

Dirisha la usajili la shirikisho na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha majina kwa ajili ya mashindano ni vitu viwili tofauti. Unaweza kumsajili mtu ndani ya dirisha, ITC ikachelewa siku tatu, orodha ya CAF ikafungwa, na mchezaji akabaki jukwaani anakula mishahara yenu. Anzeni na huyo wa nje, wa ndani wafuate. Na mkimchezesha asiyestahili, adhabu ya kawaida ni ushindi wa mezani wa 3-0 kwa mpinzani. Kwenye ligi ya mechi ishirini na kitu utavumilia. Kwenye kundi la mechi mbili, mmemaliza.

Kuna hatari kubwa kuliko ya kukosa wapya, nayo ni kupoteza mlionao. Mashindano ya ukanda yamekuwa yakichezwa Agosti na Septemba, fainali za Afrika Novemba. Mikataba mingi ya wanawake huisha pamoja na ligi. Kikosi kilichochukua ubingwa kinaweza kuwa kimesambaratika Agosti ikifika, mfungaji bora amekwenda kwa aliyemwahi. Wiki hii, kabla hata ya mechi hizo tatu, toa mafaili yote uandike tarehe ya mwisho ya kila mkataba. Wanaomalizia kabla ya Desemba waitwe mmoja mmoja, wapewe nyongeza inayofika tarehe 31 Desemba, na ikibidi muweke kipengele cha bonasi ya kufuzu. Fanyeni mapema. Mkishakuwa mabingwa bei yao inapanda, na wana haki hiyo.

Kambi ya wiki mbili inatosha kwa timu iliyotoka kwenye ligi jana. Haitoshi kwa timu iliyopumzika miezi miwili. Hesabu mechi: kundi la timu nne, nusu fainali na fainali ni mechi tano, dakika 450, ndani ya takriban wiki mbili. Mwili unahitaji saa 48 hadi 72 kurudi sawasawa baada ya mechi ngumu, na ratiba mara nyingi inawapa kiwango cha chini. Ningependelea wiki sita: mbili za kurudisha pumzi na nguvu taratibu, mbili za mazoezi ya kimbinu na mechi za kirafiki, kisha mbili za kuigiza mashindano yenyewe. Katika wiki hizo mbili chezeni mechi za kirafiki kwa jozi, leo na keshokutwa, kwa vikosi viwili vilivyochanganywa. Hapo utaona nani anaanguka mechi ya pili. Mara nyingi ni mabeki wa pembeni, na kocha asiyekuwa na wa akiba upande wa kushoto anaumbuka siku ya nusu fainali.

Mkiongoza 3-0 dakika ya 55, toeni nguzo zenu. Sheria inaruhusu mabadiliko matano katika vituo vitatu, mapumziko hayahesabiwi kuwa kituo. Anayepewa njano bila sababu, kwa kubishana au kupoteza muda, akaelezwe siku hiyo hiyo, maana njano mbili katika mechi mbili tofauti kwa kawaida zinamweka nje mechi moja, na kama kadi hazifutwi baada ya makundi, hiyo mechi moja ni nusu fainali. Penalti zifanyiwe mazoezi mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imechoka, kila mtu apige, akiwemo kipa. Mkatazame kanuni zinasema nini kuhusu muda wa nyongeza, kwani kwenye mashindano mafupi mechi za mtoano zinaweza kwenda moja kwa moja kwenye mikwaju.

Kuhusu mahali: Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, Nairobi karibu 1,700. Timu ya pwani itahema siku za mwanzo na mpira utasafiri kwa kasi isiyozoeleka, mabao ya mbali yanayowashangaza makipa hutoka hapo. Mkiweza, fikeni siku saba hadi kumi kabla, na siku mbili za kwanza mazoezi yawe mepesi. Bajeti isiporuhusu, angalau makipa na wapiga krosi wapewe muda wa kutosha kwenye uwanja wa mazoezi.

Karatasi za safari ni kazi yako wewe katibu. Pasipoti ziwe na angalau miezi sita mbele. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wanasafiri ndani yake bila viza, lakini Ethiopia haimo, na mchezaji wenu wa kigeni kutoka nje ya Jumuiya anafuata masharti yake mwenyewe, ikiwemo ruhusa ya kurudi anakoishi. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchanja siku ya Jumatatu na kusafiri Ijumaa ni kujitafutia kesi uwanja wa ndege. Wenye umri chini ya miaka 18 wawe na barua ya ridhaa ya wazazi. Jina kwenye pasipoti lifanane, herufi kwa herufi, na lililo kwenye leseni ya mchezaji na kwenye mfumo wa usajili wa CAF. "Mwanahawa" hapa na "Mwanawa" pale ni mgogoro wa kujitakia saa mbili kabla ya mechi.

Mengine hayawezi kumalizwa kwa maandishi. Nenda mwenyewe shirikisho, usitume ujumbe wa simu, ukaonane na watu watatu: idara ya mashindano ikupe kanuni za mwaka huu na tarehe za mwisho, meneja wa leseni za klabu akuonyeshe ni vigezo gani vya CAF hamjatimiza, na msimamizi wa TMS aangalie kama akaunti ya klabu yenu iko hai kabla hujamgusa mchezaji wa nje. Mikataba ya nyongeza ipitiwe na wakili anayejua michezo, hasa vipengele vya bonasi. Na wachezaji wote wapimwe na daktari kabla ya kambi, pamoja na kipimo cha moyo cha ECG. Aliyewahi kuzimia au kubanwa kifua akiwa mazoezini asiingie kambini mpaka mtaalamu wa moyo aseme. Mkipata ubingwa, fika shirikisho wiki hiyo hiyo ukiwa na orodha ya wachezaji, nakala za pasipoti na mikataba, ili kinachokosekana kionekane wakati bado mna miezi ya kukitafuta.